Paa Lililonipa Leseni

Watu wengi hudhani kuezeka ni kazi ya kujua kupanda. Kupanda ndiyo sehemu ndogo kabisa. Hata mbuzi hupanda. Kazi yenyewe ni kujua upepo utaingilia wapi na maji yatatokea wapi, na kwa upande wa makuti mimi nilijua yote mawili kabla sijaota ndevu. Kuanzia mtaani kwetu Chikongola hadi mashambani Ziwani, paa nililofunga mimi lilijulikana kwa mbali. Mistari ilinyooka, pembe zilikaa sawa, na kusi livume lisivume, hakuna kuti lililonyanyua ncha. Nilikuwa na jina. Nilikuwa na kiburi pia, ila wakati ule nilikiita sifa.

Shida ni kwamba zama za makuti zilikuwa zinapita, au tuseme tuliambiwa zinapita. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, na hapakuwa na mkutano wa hadhara uliokwisha bila kuhimizwa nyumba bora: dirisha, choo, na bati juu. Shule zingejengwa, na zahanati, na maghala ya korosho, vyote vya bati. Nikauliza, nani ataviezeka? Nikajibiwa, mtu mwenye leseni. Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mtu huyo ni mimi. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinisukia makuti, aliniangalia akaendelea kusuka.

Ofisi ya ujenzi nilimkuta afisa mkaguzi, kijana mrefu aliyeletwa kutoka mikoa ya kaskazini, Mkristo mpole mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Hakuwa na dharau. Alinipa kiti, akatoa fomu ya kurasa nne iliyobaki tangu enzi za Mwingereza, yote Kiingereza, akaanza kunitafsiria mwenyewe swali moja moja.

"Una uzoefu wa kuezeka kwa vigae vya mawe?"

"Sina."

"Je, paa litahimili uzito wa theluji?"

Nikamwomba anieleze hiyo theluji ni kitu gani hasa. Akaniambia kwao ipo, juu mlimani, ni nyeupe, ni baridi, na ikishaanguka hukaa. Nikamwambia huku kwetu Mtwara haijapata kufika. Akasema analijua hilo, lakini kwenye fomu pana nafasi na nafasi ni lazima ijazwe. Nikasema basi andika litahimili. Akaandika. Mpaka leo hakuna mteja wangu aliyekuja kulalamikia theluji.

Swali la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Mwombaji aonyeshe paa la bati aliloezeka kwa mikono yake, likaguliwe. Juu kidogo ya swali hilo palikuwa na onyo kwamba asiye na leseni haruhusiwi kumwezekea mtu bati. Nikamuuliza kama nimeelewa sawasawa: nionyeshe kazi nisiyoruhusiwa kuifanya, ndipo niruhusiwe kuifanya? Afisa alisoma mistari ile miwili mara mbili, tatu. Alikuwa mtu mwadilifu na jambo lile lilimuumiza kweli. Mwishowe akasema, "La ndugu linaruhusiwa. Familia si biashara."

Katika ukoo wetu wote, upande wangu na upande wa mke wangu, mabati yalikuwa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu, kule Ziwani. Marehemu mumewe alikuwa kibarua bandarini. Alishiriki kuezeka maghala ya huko, na kila alipopata nafasi alinunua bati moja jipya akalileta nyumbani. Yalipotimia ishirini na manne akafariki. Mjane aliyapanga kando ya ukuta wa chumba chake, akayafunika mkeka, akaishi chini ya makuti miaka sita akiwa na paa zima la bati pembeni ya kitanda. Waliomtaka ayauze aliwapikia chakula vizuri, wakala, wakaondoka bila bati hata moja.

Mke wangu alikwenda kuniombea. Alirudi na jibu kwamba mama amekubali, nimwezekee. Hakuna neno lililoongezwa, wala halikuhitajika. Nilijua kwamba nikiharibu, si leseni tu itakayokuwa imekwenda. Bati likishatobolewa halizibwi likawa jipya, na yule aliyeyanunua hayupo wa kununua mengine.

Sasa lazima nieleze mambo ya ukwe, maana bila hayo msomaji ataniona mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Kwetu, mume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Neno lake hunifikia kupitia mke wangu, na langu hurudi kwa njia hiyohiyo, hata kama sote watatu tumekaa ua mmoja. Tena mkwe hasimami juu ya kichwa cha mama mkwe. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijashika ngazi, yeye alitoka na kinu chake akaenda kukaa uani kwa jirani, mgongo ameupa nyumba yake mwenyewe. Siku tisa mfululizo alitwanga akitazama migomba ya watu.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Niliteremsha makuti ya zamani, nikasimamisha kenchi za kubeba paa, nikapiga papi, yaani zile mbao za kulalia bati. Mke wangu alikuwepo kupeleka na kurudisha maneno. Siku nilipotaka kuanza kupandisha mabati ikaja habari kwamba mtoto wetu, tuliyemwacha mjini kwa shangazi yake, ameshikwa na tetekuwanga. Mke wangu akaondoka asubuhi ileile. Nikabaki mimi juu ya nyumba, mama mkwe kwa jirani, na kati yetu hakuna mdomo.

Bati lina migongo na mabonde, kila mtu anajua. Nililaza la kwanza juu ya papi, nikachukua msumari, nikajiuliza niupige wapi. Kwenye bonde, bati limegusana na mbao. Kwenye mgongo, chini yake pana uwazi. Sasa mimi ni mtu wa makuti. Makuti hufungwa pale yanapogusa fito. Ukiacha nafasi kidole kipite, kusi litaipata nafasi hiyo na paa zima utaliokota shambani kwa mwenzio. Kupigilia msumari kwenye mgongo, juu ya hewa tupu, niliona ni kazi ya mtu asiyejua kazi. Nikapiga bondeni. Ulizama ukakaa kwa mlio mzito wa bati lililolalia mbao, mlio uliofika hadi kwa jirani, nami nikaridhika. Nikapiga wa pili.

Kule kwa jirani mlio wa mchi ukakatika. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, imepazwa kuliko mtu anavyohitaji kupaza akiongea na kinu.

"Wewe kinu! Nvua ikinyesha maji yanapita wapi, mgongoni au bondeni?"

Kinu hakikujibu. Mimi nikapiga msumari wa tatu.

"Wewe kinu! Marehemu alisema nsumari unakaa mgongoni. Mgongoni! Maji yapite chini yake, yasiukute!"

Nilisikia kila neno. Nasema hivi kwa kuwa baadaye niliwaambia watu kwamba upepo ulikuwa mkali. Upepo haukuwepo. Nilisikia, na mambo mawili yakanipanda kichwani kwa pamoja. La kwanza, mwanamke anayetwanga ananifundisha mimi kuezeka, tena jirani zake wanasikia. La pili lilikuwa zuri zaidi: kwa heshima ya ukwe, mimi sikutakiwa kuyasikia. Maneno kimeambiwa kinu. Mkwe mwenye adabu akijibu maneno ya kinu, si amemvunjia mama mkwe heshima? Nikaishika heshima kwa mikono miwili na nyundo juu yake. Alirudia mara ya tatu, kwa sauti ya chini kidogo, kisha mchi ukaendelea. Nilimaliza mabati yote ishirini na manne kwa mtindo wangu, misumari imepangana mstari mmoja toka pembe hadi pembe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wahenga hawakusema habari za anayesikia vizuri kabisa akaendelea kugonga.

Ukaguzi ulitakiwa ufanyike baada ya mvua, kwa sababu paa hupimwa na mvua. Lakini mvua zikianza njia ya Ziwani haipitiki, hivyo afisa, kwa uangalifu wake, akaamua kuja kabla. Alikuja jua kali, akaizunguka nyumba na kamba na kipima maji, akapima urefu wa upenu, akafumba jicho moja kutazama mistari yangu ya misumari. Aliisifu kwa dhati. Alipanda ngazi akashika ukingo wa bati, akalitikisa kwa nguvu zote. Halikutikisika.

"Limeshika!" alisema.

Lingekosaje kushika, na lilipigiliwa hadi kwenye mbao. Nyumba njema si mlango, lakini kuingia ndani kwa mjane aliona si adabu, na kwa kuwa chuoni alisomea barabara na madaraja, alipiga mhuri juu ya boneti ya Landrova. Wiki ya pili nikapewa leseni. Mkandarasi wa mapaa, daraja la mwisho. Nililipa neno "mkandarasi" heshima yake yote; neno "mwisho" nililiona ni mambo ya ofisi.

Niliitia leseni katika fremu nikaitundika sebuleni, na mlangoni nikaweka kibao. Halafu mvua zikaanza, na wakati wa mvua hakuna anayejenga. Waliokuja walikuwa watu wa makuti: paa la huyu limechoka, jiko la yule linavuja. Niliwajibu kwamba siku hizi sishughuliki na makuti. Walikwenda kwa wengine. Nyumba yetu ilikula muhogo mwingi msimu ule, na mke wangu alisuka makuti kwa ajili ya mafundi wasio na leseni.

Katikati ya mvua alikwenda kwa miguu kumwona mama yake, akakaa siku nne. Aliporudi nikamuuliza, mama hajambo? Hajambo. Na nyumba? Akasema nyumba ipo. Nikasema nitakwenda mwenyewe kumtazama. Akanikataza haraka, njia mbovu, subiri ikauke. Nikaona jinsi anavyonijali.

Njia ilipokauka, afisa aliniita ofisini akiwa na furaha. Pale Ziwani itajengwa shule, na yeye angependa kazi ya paa nipewe mimi. Kilichobaki ni viongozi wa kijiji kuridhika, hivyo tutakwenda nao kuitazama ile nyumba ya mfano. Hayo ndiyo maneno yake, nyumba ya mfano. Nilivaa viatu. Niliketi mbele ndani ya Landrova, katikati ya afisa na dereva, na njia nzima niliwafafanulia mambo ya upepo.

Tuliposhuka mbele ya nyumba, bati halikuonekana. Kutoka upenu hadi kileleni paa lote lilikuwa limefunikwa makuti, mapya, ya kusukwa vizuri, yamefungwa na mtu asiye fundi lakini mwenye subira. Afisa alisimama mlango wa gari ukiwa wazi. Viongozi watatu wa kijiji walitazama paa, wakanitazama mimi, wakatazama chini.

Nilisogea mlangoni nikachungulia. Sakafuni palikuwa bado na vyungu, sufuria, na karai moja, vya kukingia matone ya mvua, vimepangwa mstari ulionyooka kabisa. Mstari wa pili ulifuata, na wa tatu. Nilikuwa nimeipanga vizuri misumari yangu. Hata mama mkwe alipopanga vyombo chini yake hakupata shida. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa jikoni. Hapo ndipo nilipojua mambo yote, pamoja na kwa nini mke wangu alinijali.

Mama mkwe alitokea nyuma ya nyumba. Afisa alimsalimia kwa heshima, kisha hakuweza kujizuia.

"Mama, sasa hii ni nini? Serikali inahangaika watu wapate bati, wewe umepata bati, unalifunika kwa makuti?"

Yeye afisa hakuwa mkwe wake. Alimtazama usoni bila kupepesa.

"Joto, baba," alisema. "Bati lina joto. Mimi ntu nzee, nikilala chini yake naiva."

"Lakini huu ni ushamba, mama! Samahani kusema. Hapa unafunika maendeleo yenyewe."

"Kweli, baba. Mimi nshamba."

Mmoja wa viongozi akacheka. Mwingine akasema watu wa zamani wana kazi kuelimika, na afisa, ambaye nasema tena hakuwa mtu mbaya, akamweleza mama yule kwa dakika nyingi faida za bati, jinsi lisivyoshika moto, jinsi lisivyovuja. Alisema hivyo, lisivyovuja. Mama mkwe aliitikia kila neno, mikono ameikunja juu ya kanga, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Funika kombe mwanaharamu apite. Kombe alilifunika yeye, kwa makuti aliyosuka mwenyewe. Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, nimeinamisha macho, kwa sababu mkwe hamtazami mama mkwe wake wala hasemi neno mbele yake. Heshima ilinifaa sana siku ile. Neno moja tu lingetosha, kwamba kosa ni langu, na leseni ingerudi mezani na shule ingeezekwa na mwingine. Nililiweka mdomoni, nikalimeza. Nimefanya mambo ya aibu mengine maishani, lakini hakuna lililonitia uchungu kama lile, na halikunigharimu chochote.

Viongozi waliridhika. Fundi hana kosa, walisema, kosa ni la bibi. Afisa akaniagiza nibaki niyaondoe makuti, wao watakwenda kutazama kiwanja cha shule, kisha watanipitia. Gari likaondoka. Nikabaki na ngazi yangu, na mama mkwe akachukua kinu chake kama kawaida, akaelekea kwa jirani ili mimi nipate kupanda.

"Mama," nikasema.

Alisimama, mgongo kwangu. Nilikuwa mkwe wake kwa miaka tisa na sikuwa nimewahi kumwita.

"Mama, kosa ni langu. Siku ile nilikusikia."

Kuku walikuwa wakichakura. Nilidhani ataondoka, na kwa kweli nilitamani atukane, hata kwa kukiambia kinu, ilimradi nipate kitu cha kubeba. Alikitua kinu chini, akageuka, akanitazama usoni. Alikuwa na macho ya mke wangu kabisa, nami sikuwa najua.

"Karatasi yako wamekunyang'anya?"

"Hapana, mama."

"Basi vizuri. Wajukuu zangu watakula." Akatazama juu. "Ng'oa misumari yote. Kisha kila bati lipindue, upande wa chini uwe wa juu. Bonde litakuwa mgongo, na tundu litakuwa juu mgongoni. Unapiga nsumari palepale, na kipande cha npira chini yake. Marehemu aliwahi kuona bandarini, walikosea hivyohivyo wakapindua."

Kwa miezi yote ile alikuwa analijua hilo, wala hakuniletea neno. Mwanawe, yaani mke wangu, angeweza kunibebea ujumbe huo, lakini yeye alimkataza, kama nilivyokuja kuambiwa. Hakutaka niaibike kwa kuambiwa kosa langu na mke wangu. Alinihesabia kiburi changu kama mali, akakitunza kama alivyotunza mabati.

Nikaanza kulia, nalisema wazi. Nikasogeza ngazi ukutani ili nipate la kufanya. Yeye hakuelekea kwa jirani. Aliuchukua mchi wake akaingia ndani ya nyumba.

"Mama, toka kwanza," nikamwambia. "Napanda."

"Nikitoka, matundu utaonyeshwa na nani? Huko juu unaona misumari tu. Mimi ndiye ninayeyajua."

Nikapanda. Nilitupa makuti ya upande wa kwanza, nikapiga goti juu ya bati lenye joto, nyundo mkononi. Alikuwa chini ya miguu yangu, nikamsikia akisogeza karai. Kisha bati likagongwa kutoka ndani kwa ncha ya mchi, karibu kabisa na goti langu.

"Hapa," alisema. Akangoja nikang'oa. "Na hapa, mwanangu."